Redio inasema asilimia tatu, Mbuyuni inasema ishirini

SWALI: Nina mgahawa mdogo Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Redioni nasikia mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu, lakini mchele ninaonunua umetoka 2,400 hadi 2,900 kwa kilo ndani ya mwaka mmoja. Mfumuko wa bei unasababishwa na nini hasa, na hizo namba wanazitoa wapi? Naogopa kupandisha sahani ya 3,000, wateja watakimbia. Kuna taasisi inataka kunikopesha milioni moja ninunue mchele niweke stoo. Mwenye fremu naye anadai kodi iongezeke kwa asilimia 20 kwa kuwa "maisha yamepanda". Nifanyeje?

JIBU: Pole na kazi, dada. Namba ya redioni ni ya kweli na bei ya Mbuyuni ni ya kweli. Hazipimi kitu kimoja, basi.

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hukusanya bei za bidhaa na huduma 383 katika mikoa ya Tanzania Bara. Kila kundi hupewa uzito, wao wanauita mizania, kulingana na fedha ambazo kaya hutumia kwenye kundi hilo. Mizania ya sasa imetoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, na bei za mwaka 2020 ndizo msingi wa kipimo, lakini mfumuko wenyewe hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka uliotangulia. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2. Makazi, maji, umeme, gesi na nishati nyingine 15.1, usafiri 14.1. Zinazobaki ni nguo, simu, ada, dawa, vyombo, saluni na kadhalika. (Na wewe umo humo: kuna kundi la migahawa na malazi, kwa hiyo siku ukipandisha sahani, unausukuma mfumuko kidogo.)

Mwaka 2025 kulikuwa na miezi ambayo chakula kilipanda kwa zaidi ya asilimia 7 kulinganisha na mwaka uliotangulia, wakati bidhaa nyingine, ukiondoa vyakula visivyosindikwa, nishati na maji, zilipanda kwa karibu asilimia 2 tu. Changanya hizo mbili kwa mizania hiyo, utaipata ile tatu na kitu. Mtu mwenye mshahara anayelipa ada, vocha na nauli anaiona namba hiyo kuwa ya haki. Anayeamka saa kumi alfajiri kupika wali haioni.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Mfumuko ukishuka kutoka 4.9 hadi 3, bei hazijashuka. Zimepanda polepole zaidi, juu ya zile zilizokwishapanda. Wastani wa mfumuko ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Ni miaka minne ya namba ndogo, zote ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Zizidishe moja juu ya nyingine: kapu la 10,000 la mwaka 2020 limefika karibu 11,575 mwaka 2024. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba maisha yamepanda wakati serikali inasema mfumuko umetulia hajakosea, na serikali nayo haijadanganya.

Sasa tuache kapu la NBS, tupige hesabu ya kapu lako. Chukua daftari la manunuzi ya wiki moja ya kawaida, mwaka jana mwezi kama huu, na wiki ya sasa. Lazima iwe mwezi ule ule, kwa sababu ukilinganisha nyanya za Januari na za Agosti utakuwa unapima msimu. Kiasi kibaki kile kile, ibadilike bei tu. Bei ya mchele nimeitoa kwako. Nyingine ni za mfano, weka zako:

Mchele kilo 60: 144,000, sasa 174,000
Maharage kilo 20: 60,000, sasa 66,000
Nyama kilo 15: 150,000, sasa 165,000
Mafuta ya kupikia lita 10: 60,000, sasa 60,000
Mkaa gunia moja: 60,000, sasa 66,000
Nyanya, vitunguu, karoti: 36,000, sasa 30,000
Posho ya wasaidizi wawili: 90,000, sasa 90,000

Mwaka jana jumla ni 600,000, sasa ni 651,000. Gawa ya sasa kwa ya zamani, unapata 1.085. Mfumuko wako wewe ni asilimia 8.5. Si tatu, lakini pia si ishirini. Angalia mahali ulipotoka: kati ya ongezeko la 51,000, mchele peke yake umeleta 30,000. Chakula kwenye kapu lako kina uzito wa asilimia 75, kwenye kapu la taifa ni 28.2. Hapo ndipo wewe na redio mnapoachana.

Wengi wanakosea hesabu hii kwa kipimo. Ukinunua kwa sado au kwa fungu, bei inaweza kubaki 3,000 huku sado imebonyezwa kitako au fungu limepungua nyanya mbili. Pima kwa mizani, andika bei ya kilo. Gunia nalo si kipimo mpaka lipite kwenye mizani. Lumbesa ya vitunguu vya Mang'ola na gunia lililofungwa sawasawa ni vitu viwili tofauti.

Kuhusu sababu, usitafute moja. Bei hupandishwa na mambo yasiyofanana, na dawa zake hazifanani.

Kwa huku kwetu Kaskazini, ya kwanza ni mvua na mpaka. Masika ikichelewa au vuli ikikata, mahindi na maharage ya Karatu, Babati na Hai yanapungua, na miezi michache baadaye soko la Kilombero pale Arusha linaonyesha. Ukame wa mwishoni mwa 2021 na 2022, ule ulioua mifugo Longido na Simanjiro, ulifuatiwa na bei za vyakula zilizoupeleka mfumuko wa taifa hadi asilimia 4.9 mwanzoni mwa 2023. Mpaka nao una nguvu yake: Kenya ikivuna vibaya, malori yanavuka Namanga na Holili, na bei ya Nairobi inakuwa bei ya Arusha. Mchele wa Tanzania unaliwa Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, kwa hiyo hata ule wa Chekereni na Mabogini, ulio mlangoni kwako, unauzwa kwa bei ambayo mnunuzi wa mbali yuko tayari kulipa. Serikali imewahi kuzuia mahindi kuvuka mpaka, kama mwaka 2017. Mlaji akapata nafuu, mkulima akabaki na mzigo usio na soko. Mkulima aliyeumia msimu huu hulima kidogo msimu ujao, na wewe unalipa mwaka unaofuata.

Ya pili ni mafuta ya magari. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoa yetu hulishwa zaidi kupitia bandari ya Tanga. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, petroli ilivuka 3,000 kwa lita, na serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Lakini hapa kuna kisingizio kikubwa, na nataka ukijue. Tuseme lori la tani 30 linaleta mchele kutoka Mbeya, kama kilomita 1,000, likitumia lita moja kwa kila kilomita mbili. Hizo ni lita 500. Dizeli ikipanda kwa shilingi 300, gharama inaongezeka 150,000. Gawa kwa kilo 30,000: shilingi 5 kwa kilo. Hesabu na kurudi tupu, shilingi 10. Mfanyabiashara akikuambia kaongeza 200 kwa kilo kwa sababu ya dizeli, muulize vizuri. Si lazima awe mwongo. Huenda mpunga wenyewe umepanda shambani, na dizeli ni jibu la haraka. Dizeli inauma zaidi kwenye trekta, kwenye mashine ya kukoboa na kwenye safari fupi za mizigo midogo: nyanya za Ngarenanyuki kwenye pikapu ya tani moja zinabeba gharama kubwa zaidi kwa kilo kuliko mchele wa Mbeya.

Ya tatu ni shilingi dhidi ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu 2,330, katikati ya 2024 ikavuka 2,600. Kila kinachoagizwa kinahisi: petroli, mbolea, ngano, mafuta ya mawese. Mafuta ya kupikia yana na matatizo yake yenyewe. Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje kati ya Aprili na Mei 2022, bei ilitikisika dunia nzima. Arusha na Moshi tuna bahati ya watalii, na nusu ya pili ya mwaka, dola za utalii zikikutana na za dhahabu na mazao, shilingi mara nyingi hupumua.

Ya nne ni fedha zenyewe kuzidi bidhaa, na ndiyo inayoharibu nchi kweli. Serikali ikitumia kuliko inavyokusanya na kuziba pengo kwa kukopa Benki Kuu, fedha mpya zinaingia sokoni bila kilo moja ya ziada ya mchele. Tanzania ilikuwa na mfumuko wa karibu asilimia 30 kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980, baada ya Vita ya Kagera, bei ya mafuta ya 1979, na viwanda na mashirika yaliyokuwa yakiishi kwa mikopo. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilijificha zaidi, mfumuko haukushuka. Naikumbusha kwa sababu kila bei zikipanda, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni mwenye duka. Mlanguzi anaweza kuficha sukari ya wiki mbili, hawezi kupandisha bei za nchi nzima kwa miaka kumi.

Mara nyingi sababu hizi hupandiana mgongoni. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8: chakula kilikuwa haba, mafuta juu, na mgawo wa umeme ukawalazimisha wenye viwanda na saluni kuwasha majenereta ya dizeli. Na watu wakishazoea kwamba bei zitapanda, kila mmoja anaongeza kabla hajaongezewa.

Utaniuliza Benki Kuu inafanya nini. Tangu Januari 2024 inatumia riba yake kama usukani. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili 2024, ikashusha hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo ikipanda, benki zinakopeshana kwa gharama zaidi, mikopo inapungua, manunuzi yanapoa. Ni dawa nzuri ya ile sababu ya nne, na inasaidia kiasi kwenye ya tatu. Kwa mchele wako haifanyi kitu. Riba haioteshi mpunga. Ndiyo maana Benki Kuu huangalia sana ile namba isiyo na vyakula visivyosindikwa wala nishati: ikiwa imetulia kwenye asilimia 2, wanajua tatizo liko shambani, na kubana mikopo kungewaumiza wafanyabiashara kama wewe bila kushusha kilo moja.

Anayeumia na mfumuko ni yule ambaye kipato chake hakisogei. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, na kabla ya hapo kilikuwa kimebaki 370,000 tangu Julai 2022. Miaka mitatu mshahara uleule, bei zikitembea. Mwenye kibubu anaumia kimya kimya: milioni moja iliyokaa ndani mwaka mzima kwa mfumuko wa asilimia 3 imepoteza uwezo wa kununua wa karibu 30,000, bila mwizi kuingia. Anayenufaika ni mwenye deni la riba isiyobadilika, mradi kipato chake kinapanda pamoja na bei. Sharti hilo ndilo watu wanalisahau.

Turudi kwenye sahani. Ukiuza sahani 250 kwa wiki kwa 3,000 unapata 750,000. Mwaka jana, kabla ya kodi ya fremu, ilibaki 150,000. Leo inabaki 99,000. Mfumuko wa asilimia 8.5 kwenye gharama umekula theluthi ya faida yako, na ukiendelea kusubiri "bei zishuke" utakuwa unawalipia wateja chakula.

Ukipandisha hadi 3,200 utarudi karibu ulipokuwa, lakini chenji itakusumbua. Ukienda 3,500, hesabu ni hii: ukiondoa posho ya wasaidizi ambayo hulipwa hata wateja wasipokuja, kila sahani inakugharimu 2,244. Kwa 3,500 inabaki 1,256. Ili urudi kwenye faida ya 150,000 unahitaji sahani 192. Maana yake hata ukipoteza wateja 58 kati ya 250, karibu robo, hujapungukiwa. Hofu ya "watakimbia" ipime kwa namba hiyo. Mimi ningegawa: wali nyama 3,500, wali maharage 2,500, kwa sababu nyama ndiyo inayobeba gharama kubwa, na mteja mwenye 2,500 asikose pa kukaa. Kila moja uipigie hesabu yake. Usipunguze kijiko cha wali kimya kimya. Mteja wa Mbuyuni anajua sahani yake ilivyokuwa jana, akihama kwa kupunjwa harudi. Badilisha bei mara moja, mwanzoni mwa mwezi watu wakiwa na mshahara, kisha uache itulie.

Mkopo wa mchele, hapana. Uliza kwanza riba inahesabiwaje. Wakikuambia asilimia 3 kwa mwezi kwenye deni la mwanzo, miezi 12, riba ni 360,000 na marejesho ni karibu 113,300 kila mwezi. Unalipa riba ya milioni nzima hata mwezi wa kumi na moja, wakati umebakiza kidogo. Ukiihesabu kwenye deni linalobaki ni karibu asilimia 5 kwa mwezi. Sasa upande wa pili. Tuseme umenunua wakati wa mavuno kwa 2,300. Milioni moja inakupa kilo 434, mgahawa wako unazimaliza kwa wiki saba. Ukizitunza hadi bei ifike 2,900, umeokoa kama 260,000. Riba ni 360,000. Umepata hasara ya laki moja kabla panya hajala chochote. Mikopo ya namna hii watu wanaiita kausha damu, na hukauka hata pale bei zinapopanda jinsi ulivyotabiri.

Kama unataka akiba ya mchele, ijenge kwa faida yako. Miezi ya mavuno nunua kilo 20 zaidi kila wiki; kwa wiki nane una kilo 160. Ziweke juu ya chaga, mbali na ukuta, zikiwa kavu. Mchele uliokaa miezi kadhaa pia huvimba zaidi kuliko mpya, na mpya ukiutia maji yaleyale unakuwa bokoboko, kwa hiyo stoo inakuongezea na sahani. Maharage ndiyo ya kuwekewa mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje: toa hewa, funga kila mfuko peke yake, usifungue kabla ya mwezi mmoja kupita. Wadudu wanakosa hewa wanakufa. Tundu moja la panya kwenye plastiki linaharibu kazi yote.

Mwisho kodi ya fremu. Mwenye nyumba ana haki ya kufidiwa mfumuko, lakini wake si wa mchele. Tazama mkataba, kodi ilipangwa lini mara ya mwisho. Tuseme 2022, shilingi 150,000. Mfumuko ulikuwa 3.8 mwaka 2023, 3.1 mwaka 2024, weka 3.3 kwa 2025: ukizidisha unapata karibu asilimia 10.5. Kodi inayolingana na mfumuko ni kama 165,800, yeye anataka 180,000. Kama ilipangwa mwaka jana tu, asilimia 3.3 inatoa 154,950. Mpelekee hesabu hiyo kwenye karatasi, na umwambie uko tayari kulipa 165,000 kwa miezi sita mbele iwapo atasaini kwamba haigusi kwa miaka miwili. Akikataa kabisa, rudisha kodi mpya kwenye hesabu ya sahani: ongezeko la 30,000 kwa mwezi, ukiuza sahani elfu moja kwa mwezi, ni shilingi 30 kwa sahani. Kwa kiasi hicho, usihame eneo lenye wateja.